Kosa moja, malipo mawili: namna ya kuandika urafiki wa watoto wasio sawa

Msomaji mmoja amenitumia sura tatu za mwanzo za riwaya yake pamoja na swali fupi. Riwaya inahusu wasichana wawili: mmoja ni mtoto wa mwenye zahanati, mwingine ni mtoto wa mama anayefua mashuka ya zahanati hiyo hiyo. Waliomsomea mswada wamemwambia kwamba mtoto wa mfuaji wanamhurumia lakini hawamjui. Anauliza afanyeje. Aongeze dhiki?

Hapana. Dhiki imetosha, tena imezidi. Kinachokosekana kwake kinakosekana katika miswada mingi ya riwaya za makuzi, yaani zinazomfuata mtoto hadi ukubwani, yenye marafiki wa hali mbili, ndiyo maana nimeona nijibu hapa badala ya kumjibu peke yake.

Kosa la kawaida ni kuonyesha tofauti ya hali kwa kuorodhesha mali. Huyu ana viatu, yule hana. Huyu analala kitandani, yule sakafuni. Msomaji anaelewa ndani ya nusu ukurasa, kisha kurasa 40 zinazofuata zinamrudia habari ile ile. Mali ya wazazi ni mandhari tu. Tofauti yenyewe kati ya watoto inajitokeza siku wanapokosea. Watoto wawili wakivunja dirisha moja kwa jiwe moja, mmoja atafokewa na kupelekwa kulala mapema, mwingine mama yake atafukuzwa kazi. Ukishaliona hilo, riwaya nzima utaipanga upya.

Tazama alivyofanya Khaled Hosseini katika The Kite Runner ya mwaka 2003. Amir, mtoto wa tajiri wa Kabul, anaficha saa na fedha chini ya godoro la Hassan, mtoto wa mtumishi wao, ili Hassan aonekane mwizi. Hassan akiulizwa, anakubali wizi ambao hakuufanya. Baba yake Amir anasamehe papo hapo. Hata hivyo Hassan na baba yake wanafungasha na kuondoka. Aliyetenda anabaki na chumba chake. Asiyetenda anapoteza makazi aliyozaliwa. Mpaka hapo hakuna haja ya mtu kuhubiri kuhusu Wapashtuni, kabila la Amir, na Wahazara, kabila la Hassan linalodharauliwa, kwa sababu tumeshaona nani amelipa.

Kwa hiyo, kabla hujagusa sura ya kwanza, chukua karatasi uigawe safu mbili. Andika makosa matano ambayo watoto wako wanaweza kuyafanya wakiwa pamoja: kuchelewa kurudi nyumbani, kuharibu kitu, kumdanganya mwalimu, kupoteza kitu cha kuazima, kumpiga mtoto wa tatu. Mbele ya kila kosa andika kila mmoja atalipa nini, atamlipa nani, na lini. Usiandike "ataadhibiwa". Andika nani anaingia chumbani, anasema nini, na kesho yake asubuhi kitu gani hakipo tena. Kosa ambalo malipo yake yanakaribiana, liache. Lile ambalo tofauti yake inakutisha hata wewe uliyelibuni ndilo tukio kuu la riwaya yako.

Tukio hilo liweke karibu na katikati ya kitabu. Likija sura ya kwanza, msomaji bado hajawapenda watoto, atasoma kama anasoma habari za ajali. Lakini mapema, ndani ya sehemu ya tano ya kwanza, weka kosa dogo la aina hiyo hiyo, lenye malipo madogo yasiyo sawa, na watoto wenyewe walicheke. Msomaji atakuwa amefundishwa kanuni bila kujua, na kosa kubwa likija ataanza kuogopa kabla yao.

Jambo la pili ni milango. Hesabu katika mswada wako nani anakwenda kwa nani, mara ngapi, na anaingilia wapi. Katika Reunion ya Fred Uhlman, iliyotoka mwaka 1971, Hans, mtoto wa daktari Myahudi wa Stuttgart, anaalikwa nyumbani kwa Konradin, mtoto wa ukoo wa kikabaila. Ni mwaka 1932. Hans anachelewa kung'amua kwamba anaalikwa siku ambazo wazazi hawapo tu. Kisha usiku mmoja, kwenye opera, Konradin anapita na wazazi wake na kumtazama rafiki yake kama mtu asiyemjua. Ziara zote za nyuma zinabadilika maana kwa mpigo mmoja, wala Uhlman hakulazimika kuongeza ziara nyingine.

Ziara tatu zinatosha: ya kwanza mtoto anashangaa, ya pili anaanza kuhesabu, ya tatu anabaki nje, kwa kukatazwa au kwa kujikataza. Halafu kuna ziara ambayo karibu kila mswada unairuka, na inaniuma kila ninapoikosa: mtoto wa hali ya juu kuingia nyumba ya mwenzake. Waandishi wanaiogopa kwa kuwa wanadhani itakuwa sura ya huruma. Iandike. Mpe mama mwenye nyumba sauti tofauti na ile anayoitumia siku zote, awe mpole kupita kiasi, amketishe mgeni mahali pazuri na kumwondoa mwanawe hapo. Mtoto anayemsikia mama yake akijidogosha mbele ya mtoto mwenzake amejifunza kitu ambacho hakuna tusi la shuleni lingemfundisha.

Jambo la tatu, na hapa ndipo penye utajiri: kanuni zisizoandikwa. Watoto hawajui matabaka. Wanajua namna sahihi na namna mbaya ya kufanya vitu vidogo, na huambiana bila kupepesa macho. Katika The Go-Between ya L. P. Hartley (1953), Leo, mvulana wa miaka 12, anaalikwa na Marcus, mwenzake wa shule, kukaa kwao Brandham Hall wakati wa joto kali la mwaka 1900. Leo anavua nguo na kuzikunja vizuri juu ya kiti, kama alivyolelewa. Marcus anamwambia asifanye hivyo: aziache zilipodondokea, watumishi wataziokota. Hebu likae hilo kichwani. Adabu nzuri ya nyumba moja ni aibu katika nyumba nyingine. Marcus hana ubaya wowote, anamsaidia mgeni wake asichekwe, na msaada wenyewe ndio unaomwonyesha Leo mahali pake. Nguo za Leo zenyewe ni nzito mno kwa joto lile, na Marian, dada yake Marcus, ndiye anayempeleka Norwich kumnunulia suti ya kijani. Zawadi hiyo inamfurahisha na inamfunga. Baadaye Marian atataka barua zake zipelekwe kwa siri, na mtoto aliyevishwa hana uso wa kukataa.

Dickens alilifanya hilo kwa karata. Katika Great Expectations, iliyochapishwa kwa mfululizo kati ya 1860 na 1861, Pip, mtoto anayelelewa nyumbani kwa mhunzi, anacheza karata na Estella, msichana anayelelewa katika jumba la tajiri, na kabla mchezo wa kwanza haujaisha Estella anamcheka kwa jina analoiitia karata mojawapo, kisha kwa mikono yake iliyokakamaa na buti zake nene. Asubuhi yake Pip alikuwa hajui kwamba ana mikono mibaya. Anatoka pale akiwa anaijua, na mamia ya kurasa yanayofuata yanatokana na hapo.

Kwa hiyo tafuta kanuni moja. Moja tu, ndogo, ya mkono au ya ulimi: namna ya kushika kikombe, neno la kumwitia baba, wakati wa kusema asante. Mtoto mmoja airekebishe kwa mwenzake kwa nia njema. Kisha sura mbili mbele, aliyerekebishwa amrekebishe mdogo wake nyumbani kwa maneno yale yale. Hapo umeonyesha tabaka likisafiri bila kulitaja.

Nani asimulie? Kila msimulizi ana ugonjwa wake, na ni heri uujue mapema. Akisimulia wa hali ya juu, anasimulia kwa hatia, na hatia humgeuza rafiki maskini kuwa malaika. Hassan ana ugonjwa huo. Ni mwema kiasi cha kukosa kivuli. Hosseini anaponea kwa kuwa Amir ndiye anayekumbuka, na mtu mwenye deni humkumbuka hivyo anayemdai. Ukitumia nafsi ya tatu huna kinga hiyo. Akisimulia wa hali ya chini, aibu humgeuza mwenzake kuwa shetani au sanamu ya kuabudiwa. Dawa ni ile ile pande zote mbili: mpe maskini uongo mmoja, kijicho kimoja na ukatili mdogo anaoufanya kwa aliye chini yake zaidi, mpe tajiri hofu moja ya kweli. Katika Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga (1988), Tambu, msichana maskini wa kijijini, anamtazama binamu yake Nyasha akiwa na vitabu, chumba na Kiingereza cha Uingereza, na ni Nyasha anayevunjika, chini ya baba yule yule ambaye kwa Tambu ni mfadhili. Nyumba moja inamwinua mmoja na kumkandamiza mwingine. Ndiyo maana Tambu tunamjua. Hatuombwi kumhurumia tu.

Msomaji wangu, mtoto wako wa mfuaji hana kosa hata moja katika sura tatu. Hadanganyi, haibi, hachoki kuwa mpole. Huyo hawezi kujulikana. Mpe jambo analolitaka lisilomhusu rafiki yake kabisa. Mpe mtu anayemdharau.

Tena usidhani lazima pengo liwe kubwa. Elena Ferrante, katika L'amica geniale ya 2011, anaanza na wasichana wawili wa mtaa mmoja wa kimaskini wa Naples, mmoja, Lila, mtoto wa fundi viatu, mwingine, msimulizi Elena, mtoto wa tarishi wa manispaa. Wanalingana kwa karibu kila kitu, na Lila ndiye mwenye akili kali zaidi. Kinachowatenga ni uamuzi mmoja baada ya shule ya msingi: wazazi wa Elena wanakubali, kwa shingo upande, kumlipia masomo ya kujiandaa na mtihani, wa Lila wanakataa. Pengo dogo linauma kuliko kubwa kwa sababu kila mmoja anaweza kujiona mahali pa mwenzake. Kama pengo lako ni la jumba na kibanda, hakikisha sababu yake haiwi urithi tu. Pawe na siku moja ambayo mtu mzima alisema ndiyo kwa huyu na hapana kwa yule.

Wala usawa usiufuate katika kila onyesho. Kwenye Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1964), baba wa mvulana Njoroge anaishi kwenye ardhi ya baba wa msichana Mwihaki. Lakini siku ya kwanza ya shule Mwihaki ndiye anayempeleka Njoroge na kumtetea anapochokozwa. Kutegemea huko ni kutamu, na msomaji anakufurahia. Bila utamu wa namna hiyo, hasara ya baadaye haina uzito. Katika maonyesho kumi ya pamoja, angalau manne yawe ya raha tupu.

Limebaki onyesho la kukutana ukubwani. Hapa miswada mingi huharibika. Maskini wa jana anakuja na gari, au tajiri analia na kuomba radhi kwa ukurasa mzima. Ngũgĩ anafanya kinyume: Njoroge, aliyepoteza karibu kila kitu, anamwomba Mwihaki watorokee Uganda, na Mwihaki, ambaye baba yake ameuawa, anakataa kwa sababu ana wajibu kwa mama yake. Kila mmoja bado analipa deni la nyumba yake. Andika onyesho lako refu kadiri unavyotaka, kisha futa kila sentensi ambamo mmoja anaeleza zamani ilikuwa na maana gani. Wape kitu cha kugombania sasa hivi: nyumba inayouzwa, barua, mahali pa kaburi. Halafu simamisha sura pale mmoja anapotaja kosa lile la utotoni na mwingine anaonekana hakumbuki.