Siku sita Les Trois Vallées: anza na bonde ulilomo

Dada, umeuliza utumieje siku sita za kuteleza kwa ski kwenye theluji huko Les Trois Vallées (Mabonde Matatu), milimani Ufaransa, ukikaa Méribel, nawe njia za bluu (rahisi) unazimudu ila nyekundu (ngumu zaidi) bado zinakutia hofu. Kwanza, usizifukuzie zile kilomita 600 za njia zao. Wengi hushinda kwenye lifti za kupandisha watelezaji mlimani, wakihama bonde hadi bonde, jioni miguu imekwisha na hawajateleza kwa raha.

Méribel iko katikati, hiyo ni bahati yako kubwa. Siku mbili za mwanzo baki bonde hilo hilo; pasi (tiketi ya lifti) ya bonde moja ni nafuu kuliko ya eneo zima. Kisha panda mlima Saulire, uvuke kwenda Courchevel, bonde la jirani lenye njia pana na laini. Val Thorens, iliyo bonde la tatu, iweke siku ya anga safi: kijiji chenyewe kiko mita 2,300, na ukungu ukishuka huko juu hakuna miti ya kukuonyesha njia.

Toka mapema kabla madarasa ya ski hayajajaza lifti. Kula saa tano na nusu, uteleze wakati wengine wako mezani. Foleni hupungua sana.

Jambo ninalokusisitizia zaidi ni saa ya lifti ya mwisho ya kurudi Méribel. Iangalie asubuhi, uwahi saa nzima kabla. Ukiikosa ukiwa Val Thorens, barabara inashuka hadi upande wa Moûtiers ndipo ipande tena, na teksi ya safari hiyo ni ghali mno.