Mtazame anayepigwa

Jumamosi iliyopita, kwenye kiwanja chetu cha mazoezi ya kupigana kwa fimbo na ngao hapa Moshi, kijana mmoja ambaye siku za kazi ni fundi pikipiki alikuwa anaelekea kushinda. Alishamrudisha mwenzake hadi kwenye mstari wa chokaa, ngao iko juu, na watoto walioketi ukutani wanamshangilia amalizie. Ghafla akasimama. Akashusha fimbo, akasema "Imeingia," akalala chali kwenye vumbi.

Zikalipuka kelele. "Haijakugusa hiyo, mangi! Amka!" Hata mimi niliyekuwa nasimamia, hatua chache kutoka pale, sikuwa nimeona kitu. Akavua kofia ya chuma, jasho linamtiririka, akawajibu taratibu: "Nyie hamkuisikia. Mimi nimeisikia, hapa chini ya kwapa."

Kwa asiyetufahamu: tunapigana kwa mtindo wa mashindano ya mashujaa wa Ulaya ya zama za kati. Mchezo huu kwa sura tunayoufuata sisi ulianza Berkeley, California, tarehe 1 Mei 1966, kwenye ua wa nyumba, na mimi niliukuta nilipokwenda kusoma Marekani. Upanga ni henzirani yenye unene usiopungua milimita 32, imeviringishwa selotepu ngumu. Fimbo ni ya kupiga kwelikweli, kwa hiyo kinga lazima iwe ya kweli. Za kwetu tumezikata kwenye mapipa ya plastiki ya bluu, makoti ya ndani tumeshona kwa mablanketi ya mitumba kutoka soko la Memorial, na kofia anatuchomelea fundi wa mageti.

Ukipigwa mguu, unapiga magoti na kuendelea ukiwa hapo chini. Mkono ukipigwa, umekufa, unauweka nyuma. Kichwa au kiwiliwili, umekwisha. Chini ya goti hairuhusiwi kupiga. Na anayetamka kwamba fimbo imeingia ni yule aliyepigwa. Wasimamizi tupo kwa ajili ya usalama, tukipaza sauti "Simama!" kila mtu anaganda alipo, lakini hatutangazi nani amekufa.

Ndiyo maana nawaambia wanaokuja kutazama, na hasa vijana wapya: ukitaka kumjua mpiganaji wa heshima, mwangalie wakati anapigwa. Mkono mzuri wa kupiga unaweza kuupata kwa mazoezi ya miezi. Huyu anayekubali fimbo ambayo dunia nzima haikuiona, tena akiwa anashinda, ana kitu kingine kabisa.

Usiufuate mlio. Pipa linapiga kelele kubwa hata fimbo ikiparuza tu, na koti la blanketi linameza pigo zito kimya kimya. Nimeona watazamaji wakimzomea mtu kwamba anakataa kufa, kumbe fimbo ilipita kwa ubapa tu. Mwenye kujua uzito wake ni mwili uliopigwa. Kwa hiyo usimhukumu mtu kwa fimbo moja. Mtazame mapambano kumi. Je, anakubali haraka anaposhindwa na kuchelewa anapokaribia kushinda? Hapo ndipo pa kuangalia.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukataa. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza kule, nina hamu ya kuonekana, na mzee mmoja akanigonga ubavuni. Niliisikia vizuri sana. Nikajiambia ni nyepesi, nikaendelea, nikampiga, akakubali palepale bila neno. Baadaye akanifuata nilipokuwa nafungua mikanda, akaniuliza, "Ile ya ubavuni, niipige kwa nguvu zaidi siku nyingine?" Hakunituhumu. Alijiuliza kama kosa ni lake. Sikulala vizuri usiku ule. Kesho yake nilimtafuta, nikamwambia ilikuwa nzuri.

Tangu hapo, nikiwa na kijana ambaye fimbo hazimwingii, natumia njia ile ile. Simsemi mbele ya watu. Namsogeza pembeni, "Mdogo wangu, hebu tupimane," tunapigana taratibu hadi tukubaliane fimbo ya kutosha ina uzito gani. Mara nyingi tatizo ni koti jipya nene au woga. Asipobadilika baada ya hapo, basi simpangi kwenye mashindano, na namweleza sababu uso kwa uso.

Upande wa anayepiga pia kuna dalili, ingawa ni chache. Yule anayeona mkanda wa kofia ya mwenzake umelegea akarudi nyuma na kuita "Simama!" huku nafasi iko wazi. Na yule anayesema "Usiichukue hiyo, nyepesi, ilikuwa ubapa," mwenzake akiwa tayari ameanza kulala chini. Huyu wa pili ni adimu, na nampenda mno. Kuhusu kupiga magoti kwa hiari baada ya kumpiga mwenzako mguuni, watu wanabishana. Wengine wanaona ni uungwana, wengine wanaona unamshusha mwenzako. Mimi simdai mtu afanye hivyo.

Katika mashindano ya karne ya 12, enzi za akina William Marshal, shujaa maarufu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1219, shujaa aliyetekwa aliweza kuachiwa kwa neno lake tu, akatafute fidia na kuileta. Neno lilishika mahali pa kamba.

Mkiona mwenendo kama huo, msifuni mtu siku ileile, mkitaja alichofanya. "Hongera, umepigana vizuri" haimfundishi mtu kitu. "Umekubali ile ya kwapani wakati hakuna aliyeiona" inamfikia yeye na kila aliyesimama karibu. Sisi hatuna mkanda mweupe wala mnyororo wa dhahabu kama wanaovaa mashujaa wao kule Marekani. Tunakaa duara tukishamaliza, kila mmoja anataja jambo moja aliloliona. Jumamosi ile dada mmoja muuguzi, ambaye ndiye aliyekuwa amepiga ile fimbo, alichana kipande cha kanga yake ya zamani, akamfungia fundi kwenye mkanda. "Kaka, hata mimi sikuwa na uhakika," akamwambia.

Juzi nimepita pale kiwanjani jioni, nikawakuta wale watoto wa ukutani na mabua ya mahindi. Mmoja akashika tumbo, "Imeingia!" akajitupa chini. Mwenzake akamwinamia: "Nyepesi hiyo. Amka."