Nani Atalipia Safari ya Mwezini?

SWALI: Mhariri, mwanangu wa kidato cha tatu amesoma kwamba kampuni za watu binafsi huko Marekani zimekuwa zikitangaza safari za kuwapeleka watu mwezini kwa nauli, na kwamba hata nchi isiyo na roketi ingeweza kununua nafasi. Naona tarehe zinatajwa, zinapita, na hakuna anayeondoka. Je, kinachokosekana ni ufundi, fedha au wasafiri?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, ufundi ni mgumu, lakini Wamarekani 12 walikwisha kutembea mwezini kati ya mwaka 1969 na 1972. Gharama za safari zile zilibebwa na walipa kodi, na hapakuwa na mtu aliyetakiwa kukata tiketi. Kampuni binafsi inamhitaji mteja, tena inamhitaji kabla haijawa na chombo cha kumwonyesha, na kwa maoni yangu hapo ndipo safari hizi zinapokwama.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kampuni ya Golden Spike, iliyojitangaza mjini Washington mwezi Desemba 2012. Haikuwa kampuni ya matapeli, na ningependa hilo lieleweke: mkuu wake alikuwa Alan Stern, mwanasayansi aliyekuwa akiongoza safari ya chombo cha New Horizons kwenda Pluto, na mwenyekiti wa bodi alikuwa Gerry Griffin, aliyewahi kuwa miongoni mwa waongozaji wa safari za Apollo, zile zilizowafikisha Wamarekani mwezini. Waliahidi kuwafikisha watu wawili mwezini na kuwarudisha kwa takriban dola bilioni 1.5, na kweli walizilenga serikali za nchi zisizo na roketi zao. Gharama ya maandalizi yote hadi kutua kwa mara ya kwanza waliikadiria kuwa kati ya dola bilioni 7 na 8.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kila safari ingebakiza dola milioni 500, ambayo ni theluthi nzima ya nauli. Zingehitajika safari 15, yaani wasafiri 30, ili kurudisha tu dola bilioni 7.5 zilizotangulia kutumika, na idadi hiyo ni zaidi ya mara mbili ya watu wote waliowahi kukanyaga mwezi. Mwekezaji yeyote makini angeuliza wasafiri hao ni akina nani. Mwaka 2013 kampuni iliwaomba wananchi wachangie dola 240,000 kupitia intaneti, ikapata chini ya sehemu moja ya kumi. Hakuna aliyesafiri.

Kuhusu nchi kununua nafasi, waziri wa fedha anayeidhinisha malipo kwa chombo ambacho bado ni michoro anauziwa mbuzi kwenye gunia, na hata safari ikifanikiwa, ajira na ujuzi vitabaki kwa muuzaji. Japani ilichagua njia nyingine: katika makubaliano ya Aprili 2024 na Marekani, iliahidi kutengeneza gari la kutembelea mwezini, na wanaanga wake wawili wakatengewa nafasi za kutua huko. Fedha zake zinaingia kwanza katika viwanda vyake yenyewe, na naona hilo ni jambo ambalo bunge linaweza kulitetea mbele ya wananchi.

Wanabaki matajiri. Mjapani Yusaku Maezawa alitangazwa mwaka 2018 kuwa mteja wa SpaceX, kampuni binafsi ya roketi ya Marekani, wa kuzunguka mwezi bila kutua, safari ikitarajiwa mwaka 2023. Juni 2024 aliifuta, kwa kuwa chombo kilikuwa hakijawa tayari na hakuna aliyeweza kumwambia kingekuwa tayari lini. Tajiri wa Kimarekani Dennis Tito, kwa upande wake, alilipa takriban dola milioni 20 mwaka 2001 na akafika kweli kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwa sababu roketi ya Warusi ilikuwa tayari ikiruka na kituo kilikuwa kimeshajengwa kwa fedha za serikali kadhaa. Yeye alijaza kiti tu. Oktoba 2022 yeye na mkewe Akiko walitangaza kuwa wamelipia nafasi za kuzunguka mwezi ndani ya Starship, chombo cha SpaceX. Alikuwa na umri wa miaka 82, na Starship ilikuwa bado haijafanya hata jaribio lake la kwanza la kwenda anga za juu.