Friji linalomaliza umeme

SWALI: Uniti 50 za LUKU zilitutosha mwezi mzima; sasa hazifiki wiki 3. Friji la zamani linanguruma kutwa. Nianzie wapi? – Msomaji, Temeke

JIBU: Pima kwanza. Usiku zima kila kitu isipokuwa friji, soma mita, kisha soma tena asubuhi. Friji dogo lisilo na hitilafu hutumia takriban uniti 1 kwa siku. Likila nusu uniti tu usiku, mwizi si friji.

Likizidi sana, anza na mpira wa mlango. Bana noti mlangoni, uivute. Ikitoka bila kukaza, joto linaingia hapo na kompresa (mota ya friji) haipumziki. Rudia pande zote 4, hasa chini upande wa bawaba. Mpira uliokakamaa tu huweza kulainika kwa kitambaa cha maji ya moto, uliochanika ubadilishwe.

Vuta friji sentimita 10 kutoka ukutani, chomoa waya, ufute vumbi kwenye mabomba ya nyuma. Barafu ikizidi milimita 6, yeyusha. Kisu marufuku: kikitoboa bomba, gesi yote inatoka, na fundi atakula zaidi ya LUKU.