Jibu: Nimemaliza masomo Uppsala, Sweden, nizunguke wapi kabla ya kurudi Dar?

Hongera sana, mdogo wangu. Kwa kuwa umeuliza safari nafuu ya mwezi Juni, anza na meli ya usiku ya Stockholm–Helsinki, yaani kutoka Sweden hadi Finland. Unalala humo humo, hela ya hoteli inabaki mfukoni. Ila usikimbilie kulala: saa za mwanzo meli inapenya katikati ya maelfu ya visiwa vya miamba na misonobari, na jua linachelewa mno kuzama. Uzuri wake sijauona kwingine. Helsinki hadi Tallinn, Estonia, ni kama saa 2 kwa feri. Hela ikiruhusu, panda treni ya Oslo–Bergen kule Norway. Kituo cha Finse kwenye njia hiyo kiko mita 1,222 juu ya bahari. Tafadhali, kagua kwanza kibali chako cha ukaazi kinaisha lini.