Nani anakula viwavi wa parachichi usiku? Nilichojifunza kwa kipimo cha DNA

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama kuna njia ya kujua ni mdudu gani, kati ya hao wanaozagaa kwenye parachichi zako huko Njombe, anayekula viwavi, kabla hujapiga dawa inayoua wote. Njia ipo. Nalima parachichi aina ya Hass huko Rungwe, na kwa misimu miwili nilimsaidia mtafiti mmoja kijana kukusanya wadudu shambani kwangu kwa ajili ya kipimo cha DNA.

Tuliyekuwa tunamfuatilia ni yule nondo mdogo wa rangi ya udongo, Thaumatotibia leucotreta. Hutaga yai mojamoja juu ya ganda la tunda, kiwavi anatoboa na kuingia. Akikomaa anatoka, anashuka ardhini na kujifunga kwenye kifuko cha hariri chenye chembe za udongo. Pale anaposhuka ndipo anakuwa windo la kila mwenye njaa.

Nilidhani inatosha kukaa na tochi nikatazama. Nilikaa usiku mwingi. Unaweza kumwona mbawakavu mmoja ana kiwavi mdomoni, halafu buibui chungu nzima hawana kitu. Na ukimpasua buibui tumbo huambulii chochote, maana hatafuni. Anamtemea windo majimaji yanayoyeyusha nyama, kisha anafyonza. Hata kwa darubini huoni mguu wala ubawa, ila DNA ya aliyeliwa inakuwemo bado.

Maabara wanamsaga mdudu, wanachuja DNA, kisha wanaweka vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa kunasa DNA ya nondo yule tu. Mashine ya PCR inapasha moto na kupooza, mara 30 hadi 40, na kila mzunguko kile kilichonaswa kinaongezeka maradufu. Kama nondo alikuwemo tumboni, mstari unang'aa kwenye jeli ambamo DNA hupitishwa ili ionekane.

Msimu wa kwanza niliharibu kazi. Wadudu wote wa usiku mmoja niliwatia kwenye chupa moja ya spiriti ya duka la dawa, nikaiweka juu ya kabati jikoni siku nne. Mbawakavu akizama kwenye spiriti hutapika, na matapishi yake yanawapaka wenzake wote. Spiriti ile nayo ilikuwa na maji mengi, na jikoni kuna joto, DNA ikakatikakatika. Boksi zima lilitupwa. Msimu wa pili kila mdudu alipata kichupa chake chenye ethanoli ya asilimia 95, moja kwa moja kwenye friza. Vikopo vya mtego nilivyofukia ardhini nilivikagua kabla jua halijachomoza, kwa sababu wakikaa humo pamoja wanakulana, na hapo kipimo kinakudanganya.

Kuna jambo ambalo wengi hulipita, nawe usilipite. DNA ya aliyeliwa haikai tumboni muda sawa kwa wadudu wote. Kwa mbawakavu wengi inaweza kupotea ndani ya saa chache au siku moja, ilhali buibui anaweza kukaa nayo siku kadhaa. Kwa hiyo buibui wakitoa "ndiyo" nyingi, haina maana kwamba wao ndio walaji wakubwa. Ndiyo maana yule kijana alianza kwa kuwalisha wadudu kiwavi mmojammoja kwenye vikebe, akawaua kwa saa tofauti, ili ajue kila aina inatunza ushahidi kwa muda gani.

Shambani kwangu waliotoa "ndiyo" ni mbawakavu weusi wanaokimbia chini ya majani makavu na buibui wa ardhini wasiotega utando. Mbawakavu hao nilikuwa nawapulizia dawa shinani nikiamini wanakula mizizi. Iliniuma sana. Vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi vilitoa "hapana", lakini usiwaone hawana kazi: chakula chao ni vidukari na wadudu magamba, na kipimo kiliuliza habari za nondo peke yake.

Kipimo hiki hakisemi kiwavi aliliwa akiwa hai au mzoga, wala waliliwa wangapi. Pia buibui aliyekula mbawakavu aliyekula kiwavi anaweza kutoa "ndiyo". Kwa nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo unageuza swali: unasaga yai la nondo na kutafuta DNA ya nyigu. Afrika Kusini, kwenye michungwa, nyigu wa namna hiyo, Trichogrammatoidea cryptophlebiae, hufugwa na kuachiliwa mashambani.

Siku hizi sipulizi tena shinani. Majani makavu nayaacha chini ya miti, matunda yaliyoanguka nayaokota kila baada ya siku mbili na kuyafunga kwenye mifuko myeusi juani, viwavi wafie humo. Wewe anza kwa kuongea na afisa ugani wako au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, kabla hujakusanya chochote, ujue nani atapokea sampuli na anazitaka vipi. Vichupa vyangu kadhaa vimebaki, visafi, havijatumika. Ukipita Tukuyu nitakupa.