Maswali ya Wasomaji: Kigugumizi mbele ya darasa

SWALI: Nina kigugumizi tangu utotoni, na mwezi ujao naanza mazoezi ya kufundisha hesabu darasa la sita. Maneno yanayoanza na "k" ndiyo yananikamata zaidi, hivyo nimezoea kuyakwepa. Shangazi ananishauri nitafute kazi isiyo ya kuongea. Nimsikilize?
Mwalimu mtarajiwa, Dodoma

JIBU: Usiache ualimu. Acha kuyakwepa maneno. Ukisema "upana wa duara" kwa sababu "kipenyo" kimekukwama, wanafunzi watabeba kosa, nawe utazidi kuliogopa neno hilo.

Fuata utaratibu wa Charles Van Riper, mtaalamu wa usemi wa Marekani ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Neno likikwama, limalize hivyohivyo, kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 3, legeza taya, toa pumzi, halafu lirudie polepole ukiivuta silabi ya kwanza: "kiiipenyo". Ndipo uendelee na sentensi. Wengi huharibu hapo kwenye kunyamaza. Wanaona aibu, wanalirudia neno kwa pupa misuli ikiwa bado imekaza, nalo linakwama tena. Anza kujizoeza na mtu wa nyumbani, hata shangazi.

Ukimya huohuo ndio mtaji wako darasani. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe, wa Marekani pia, alionyesha kwamba walimu wakishauliza swali husubiri jibu kwa kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, wanafunzi walijibu kwa urefu zaidi, na walioshindwa kujibu walipungua. Walimu wengi hushindwa kusubiri kwa sababu ukimya unawatisha. Wewe umeuzoea, na hilo ni jambo kubwa. Uliza, hesabu hadi 3, ndipo utaje jina la wa kujibu. Ukilitaja mwanzoni, waliobaki huacha kufikiri.

Siku ya kwanza waambie bila kuomba radhi: "Nina kigugumizi. Neno likikwama nisubirini, nitalimaliza mwenyewe." Anayekuiga mkanye palepale, kwa utulivu.

Kanuni za hesabu zisomeni kwa pamoja, wewe na darasa zima. Wenye kigugumizi wengi hawakwami wanaposoma pamoja na wengine. Ila usiifanye kuwa maficho, maana ukibaki peke yako kigugumizi hurudi. Baada ya kusoma pamoja, eleza kanuni hiyohiyo kwa maneno yako, "kipenyo" kikiwemo.